Nzi Kwenye Picha ya Maua

Kila alasiri Hani alifagia sebule yao mjini Garissa, kisha akatandika miswala. Hapo ndipo familia nzima iliposwali. Ukuta ulikuwa mtupu, na Alhamisi moja mama yake, aliyemwita Hooyo, alimtuma sokoni kununua picha.

"Chagua maua," Hooyo alimwambia. "Usiniletee yenye kiumbe chenye roho. Ayeeyo hataswali mbele yake."

Ayeeyo ni nyanya yake Hani.

Katika duka la Murithi, muuza picha, Hani alisimama mbele ya picha ya chombo kilichojaa maua mekundu na meupe.

"Hiyo ni nakala ya mchoro maarufu wa Ulaya, wa zamani sana," Murithi alisema. "Itazame vizuri. Nikishaifunga, sirudishi pesa."

Hani aliitazama. Juu ya ua jeupe palikuwa na nzi, amechorwa hadi miguu. Alitaka kusema, lakini picha nyingine zote zilikuwa za simba na farasi. Mdogo hivyo, nani atamwona?

"Nifungie," akasema.

Nyumbani picha ilitundikwa. Yahye, kaka yake, akainusa. "Hata harufu ya maua naisikia."

"Hizo ni soksi zako," Hani alimjibu.

Ayeeyo akasogea, akakaza macho. Akavua ndara polepole, akampiga yule nzi.

Kioo kikapasuka toka juu hadi chini. Nzi alikuwa pale pale.

Hooyo alijiziba mdomo kwa mkono. Ayeeyo alibaki na ndara hewani.

"Nisamehe, mwanangu," Ayeeyo alimwambia Hooyo. "Macho yangu yamezeeka. Nimekuharibia kitu kipya."

Hani alimsogelea Ayeeyo. Nyanya yake alikuwa akiomba msamaha kwa kosa la Hani mwenyewe.

"Ayeeyo, si macho yako," alisema. "Nilimwona nzi dukani. Nikanyamaza kwa sababu niliipenda picha."

Hooyo alimtazama kana kwamba hamjui.

Jumamosi Hani alimrudia Murithi na picha, akamweleza yote. Ili kulipia kioo, alifuta vumbi kwenye fremu za dukani hadi adhuhuri, naye Murithi akaweka kingine. Picha ikatundikwa jikoni, mahali ambapo hapaswaliwi.

"Ungesema, tungeiweka hapa tangu mwanzo," Ayeeyo alimwambia, akimketisha karibu naye. "Maua ni mazuri, hata mimi nayapenda. Lakini ulilijua jambo ukalificha, na aibu ikanipata mimi. Siku nyingine sema mapema, mwanangu, kabla mtu mwingine hajaibeba aibu yako."