Namba Moja, Sauti Moja

Stendi kuu ya mabasi ilikuwa imefurika kama ndoo iliyosahauliwa bombani. Wapiga debe walipayuka, honi zikajibizana, wachuuzi wa maji wakapenya katikati ya magari yaliyokuwa yakirudi nyuma. Kando ya lango, manispaa walikuwa wamesimika hema la bluu na spika mbili, na chini yake alisimama kijana mrefu mwenye miwani. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata nyanya, na kitambulisho cha kazi kilimning'inia shingoni.

"Bonyeza hapa, ndugu zangu, halafu bonyeza pale! Ukitaka taa, ukitaka barabara, ukitaka soko, sema kupitia Sema na Mji. Hakuna tena foleni ofisini, hakuna tena njoo kesho!"

Binti mmoja alikuwa akipita na furushi la nywele bandia kwapani. Alikuwa msusi, na mtaani kwao walimwita Sindano. Wageni walidhani ni kwa wembamba wake. Waliowahi kubishana naye walijua ni kwa ulimi. Siku hiyo alivaa gauni la njano lililobana kiunoni na kufunguka chini, na viatu vya kamba vilivyoonyesha vidole vilivyopakwa rangi ileile. Akasimama.

"Wewe Bwana Bonyeza," akasema, "mama yangu hana simu. Yeye abonyeze nini, ukuta?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kumbe ndivyo alivyofanya kila alipokosa neno.

"Mama yako ana mtoto?"

"Si ndiye mimi hapa."

"Na mtoto ana simu?"

"Anayo."

"Basi kaa naye, msikilize, andika anachosema, tuma. Na jirani yake asiye na simu, fanya vivyo hivyo. Sauti ni ya mtu, dada. Si ya simu."

Sindano alikuwa amejiandaa kumchoma tena, akabadili nia. Alitoa simu yake, akaiweka juu ya meza. "Haya nifundishe," akasema. "Ila nikipotea njia humo ndani, nakuja kukutafuta."

Hakupotea, lakini alimtafuta. Jioni ya siku iliyofuata alimpigia akijifanya ameshindwa kubadilisha neno la siri.

"Umeandika nini?" Bonyeza akauliza.

"Sasa nikikwambia, litakuwa la siri tena?"

Kijana akacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Kuanzia hapo simu zikawa hazikauki. Alimpigia akiwa anakula, akiwa anangoja lifti, akiwa kwenye vikao ambavyo alidai havina maana. Sindano alibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikiendelea kusuka, na wateja wake walijifunza kukaa kimya ili wasipitwe na neno.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula macho yako kwenye picha."

"Basi utakonda, maana hayo hayana hata mafuta."

Walipotimiza miezi kadhaa Sindano akampeleka nyumbani kwao. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya saluni, pazia la maua likitenga kitanda cha mama na viti. Mama alikuwa mtu wa pumu tangu ujana. Kifua chake kiliimba filimbi kila vumbi lilipopanda, na dawa yake ya kupuliza haikutoka kwenye mfuko wa gauni. Lakini pumzi zilizobaki alizitumia zote kwa maneno.

"Ndiye huyu anayebonyeza?" akauliza, akimpima mgeni kutoka viatu hadi miwani. "Karibu, baba. Huku kwetu tunagonga mlango, hatubonyezi."

Bonyeza akavua miwani, akaifuta. Mama alicheka hadi akakohoa, na mwanamume yule alikuwa wa kwanza kunyanyuka kumletea maji. Mama hakulisahau hilo. Tangu siku hiyo alimwita mkwe, mbele ya majirani, hata kabla mtu yeyote hajatoa posa.

Wakati huo manispaa ilileta hoja mpya. Ilitaka kufunga zahanati ndogo za mitaani na kuhamishia vifaa vyake hospitali kubwa, ng'ambo ya daraja. Wananchi watoe maoni kupitia Sema na Mji. Zahanati ya mtaa wa akina Sindano ilikuwa na vitanda vichache na muuguzi mmoja mkali, lakini ilikuwa na mashine ya oksijeni, na mama alikuwa ameshavutwa kutoka kaburini na mashine hiyo zaidi ya mara moja.

Sindano hakungoja kuambiwa. Kila mteja aliyekaa kitini alimuuliza. Alikwenda kwa mafundi viatu, kwa wauza mboga, kwa vikongwe wasiotoka ndani. Wengi hawakuwa na simu, na wenye nazo walikuwa na zile za vibonye zisizojua mtandao ni nini. Akawasikiliza mmoja mmoja, akaandika majina yao na maneno yao vilevile walivyoyasema, akatuma kwa simu yake mpaka ikachemka mkononi. Hakumwambia mpenzi wake. Alitaka matokeo yakitoka amtanie: umeona wanafunzi wako?

Bonyeza naye alikuwa na lake asilolisema. Katika hoja ya barabara iliyotangulia, vijana waliokodiwa na mfanyabiashara mmoja walikuwa wametuma maoni ya uongo kwa mamia. Mkuu wake wa kitengo akamtaka auboreshe mtambo wa Sema na Mji uwazuie watu kama hao. Akafanya kazi hiyo kwa moyo wote, maana udanganyifu ulimuudhi kama uchafu kwenye chakula.

Siku maoni yalipofungwa alikuja saluni na kicheko usoni.

"Mpenzi, leo nimekamata mwizi."

"Mwizi wa nini tena?"

"Wa maoni. Mtambo wangu mpya una kanuni moja tu: namba moja, sauti moja. Basi kuna mtu mmoja, simu moja, katuma maoni ya mtaa mzima! Sijui ni nani, namba zimefichwa. Nimeyafuta yote nikamwachia moja tu, la kwake."

Chanuo likasimama katikati ya nywele za mteja.

"Hoja ipi?" Sindano akauliza.

"Ya zahanati."

"Umeyasoma?"

"Nisome ya nini? Mwizi ni mwizi."

"Ungesoma ungemkuta bibi anayeuza mkaa. Ungemkuta fundi viatu. Ungemkuta mama, anasema, 'Msininyang'anye pumzi yangu.'" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha kijana. "Mwizi wako ndiye huyu unayemwita mpenzi."

Mteja akainama kama anayetafuta kitu sakafuni. Bonyeza alivua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona wewe hukuniambia? Ulisema mwenyewe pale stendi: sauti ni ya mtu, si ya simu. Au ilikuwa ya kunitongozea?"

"Nitarekebisha. Naapa. Kikao cha madiwani bado. Nitamwambia mkuu kesho asubuhi."

Alimwambia kweli. Mkuu alimsikiliza huku akisaini karatasi nyingine. "Muda umefungwa," akajibu. "Tukifungulia mtaa mmoja, kesho kila mtaa utakuja na kilio chake. Na mtambo ni wako, kijana. Unataka kusimama mbele ya madiwani useme hujui kuhesabu?"

Siku ya kikao Sindano alikaa mstari wa mbele kwenye viti vya wananchi. Alivaa gauni lake jeusi la heshima na mama alikuwa ubavuni mwake, mkono mfukoni penye dawa. Hoja ikasomwa. Mwenyekiti akamgeukia mtaalamu wa mtambo.

"Maoni ya wananchi tuliyoletewa hapa, ndiyo yote halali yaliyopokelewa?"

Bonyeza alisimama. Alimwona Sindano, na mama akamtikisia kichwa kidogo kama anayemhimiza mtoto kuvuka mtaro. Kisha akamwona mkuu wake, kalamu ikigonga meza polepole. 

"Kwa mujibu wa taratibu," akasema, "ndiyo."

Mikono ya madiwani ikapanda, hoja ikapita, wakahamia ajenda ya maegesho ya magari.

Nje ya ukumbi Bonyeza alimkimbilia. "Sindano, nisikilize, dakika moja tu."

"Kuna halali na haramu, kaka. Mimi ni haramu, nitoke mbele yako." Alimshika mama mkono, wakaondoka. Usiku ule aliifungia namba ya Bonyeza.

Mama hakumchukia. "Yule si mbaya," alisema siku moja akiosha vyombo. "Ni mwoga. Mwoga hufundishika, mama. Mbaya ndiye hafundishiki."

"Afundishwe na mwingine," Sindano akajibu.

Zahanati ikafungwa, na kiangazi kikaingia. Malori ya ujenzi yakaanza kupita mtaani, na vumbi likawa halitui. Ilikuwa mchana wa jua kali, Sindano yuko katikati ya kichwa cha mtu, aliposikia kikombe kikianguka nyuma ya pazia. Alimkuta mama ameshika ukingo wa kitanda, midomo imegeuka rangi, dawa ya kupuliza iko mkononi na haipulizi kitu. Fundi viatu akasimamisha gari la mpita njia. Mazoea ni mabaya: dereva, naye mwenyeji wa mtaa, aliwapeleka kwanza mpaka lango la zahanati, likawatazama na kufuli lake. Ndipo akageuza kuelekea darajani.

Darajani magari yalikuwa yamelala kwenye foleni. Sindano alimpakata mama, akampepea kwa kanga, akamwita. Dereva alitoa kichwa nje, akawalilia watu wampishe, lakini wangempisha waende wapi? Mama hakusema neno la mwisho. Pumzi ya neno haikuwepo. Aliminya mkono wa mwanawe, akaminya tena kidogo, kisha mkono ukawa mkono tu. Gari lilikuwa bado halijafika katikati ya daraja.

Msibani Bonyeza alikuja. Alibeba viti, akachota maji, akasimama nyuma kabisa makaburini. Hakuthubutu kumsogelea, na Sindano hakumfukuza. Jamaa mmoja aliuliza yule ni nani, msusi akajibu, "Mtu wa manispaa."

Wiki chache baadaye mteja alimletea habari kitini. Kwenye kikao cha madiwani yule mwenye miwani alinyoosha mkono bila kuitwa. Alisema aliwadanganya. Alisema aliyafuta maoni ya watu wazima wenye majina yao, kisha akayasoma kutoka kumbukumbu ya mtambo, moja baada ya jingine, na mwenyekiti alipomwamuru akae hakukaa. Alipofika kwa mama mmoja aliyesema msininyang'anye pumzi yangu, mwandishi wa gazeti alisimama ili asikie vizuri.

Walimfukuza kazi. Lakini gazeti lilikuwa limeshaandika, na manispaa iliona aibu zaidi kuliko ilivyoona huruma. Sema na Mji ikabadilishwa: mtu aandikwe kwa jina lake hata akitumia simu ya jirani, na kila mtaa uwe na meza ya kuwasikiliza wasio na simu. Zahanati haikufunguliwa. Jengo lilikwisha kugeuzwa ghala, na mashine ya oksijeni hakuna aliyejua iliishia wapi.

Sindano aliifungulia namba yake. Hakumpigia, aliifungulia tu. Simu iliita kesho yake.

"Nipo nje," Bonyeza akasema. "Ukisema niondoke, naondoka."

"Ingia. Mlango haubonyezwi."

Alikuwa amekonda, shati halikuona pasi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, wakatazamana kupitia kioo, maana ilikuwa rahisi kuliko uso kwa uso.

"Mji mwingine umenipa kazi," akasema. "Wanaanza mtambo wa namna hii. Nimewaambia sitaandika mstari hata mmoja kabla sijakaa na watu wasio na simu. Wamekubali." Akameza mate. "Twende wote. Nikuoe. Najua sina uso wa kukuomba, lakini sina mwingine wa kumwomba."

"Unanipenda?"

"Mpaka nashindwa kulala."

"Mimi pia nakupenda," Sindano akasema. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa. "Hilo ndilo balaa lenyewe. Ningekuchukia ningepumzika. Lakini nikikusikia ukisema ndiyo, hata ya kuitikia salamu, naiona ile mikono ikipanda. Nitakuwekaje mezani kila siku, mpenzi wangu? Nitakupakulia huku namwona mama darajani."

"Mama angesemaje?"

"Mama alikusamehe kabla hujakosa. Mimi si mama."

Bonyeza hakubishana naye. Aliinua mkono wake, akavibusu vidole vilivyokuwa vinanuka mafuta ya nywele, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona sababu ya kuuachia.

Siku ya safari alimsindikiza stendi. Alimnunulia maji, akamfunga kifungo cha shati alichokuwa amekisahau, akamkumbatia mbele ya watu wote bila kujali. Kisha akageuka na kurudi kwa miguu, maana hakutaka kuona basi likiondoka.

Alikuwa amekaribia kwake simu ilipoita. Alilitazama jina, akaiacha mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akasimama chini ya paa la duka lililofungwa, akapokea.

Hakusema kitu. Wa upande wa pili naye hakusema kitu. Injini ya basi ilinguruma kwa mbali, na juu ya mngurumo huo alimsikia akipumua. Alijua kwamba naye anasikika. Wakakaa hivyo, wakisikilizana pumzi, mpaka basi lilipoingia milimani na mtandao ukakatika.