Tunu na Chupa ya Jabiri

"Umempa nini mjukuu wangu?" Bi Chausiku alifoka, kijiti cha kugeuzia vitumbua bado kiko mkononi. "Nakuuliza, Mama Auleria! Umempa nini?"

"Nimpe nini mie? Sema na mie kwa adabu, Bi Chausiku. Mie si mtoto wako."

"Adabu! Mtoto kaanguka shuleni mbele ya walimu, kaletwa hapa kabebwa kama mzigo, nawe unanitajia adabu? Jana kala kwako, juzi kala kwako, hizo ndizi zenu za Bukoba. Leo yuko chali. Nani kamlisha, kama si wewe?"

Uani pakajaa watu. Wapangaji wa vyumba vya mbele walitoka, majirani wa nyumba ya pili wakachungulia juu ya ua wa makuti, na Fundi Benedikto, aliyekuwa akishona barazani, akaacha cherehani yake na nguo ikining'inia kwenye sindano. Temeke ya wakati ule wa Mwingereza ilikuwa hivyo. Mtu akipiga chafya chumbani kwake, mtaa mzima unamwombea afya.

Bi Chausiku ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mzaliwa wa hapa hapa pwani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka sokoni. Mama Auleria, jina lake hasa Genoveva, alikuwa mpangaji wake. Alitoka Bukoba na mumewe Theonest, karani wa bandarini. Wanawake hao wawili hawakuwahi kugombana. Watoto wao, Tunu, mjukuu wa Bi Chausiku, na Auleria, walisoma darasa moja na kula sahani moja. Chungu cha bibi kikiiva kwanza, wanakula kwa bibi. Cha Mama Auleria kikiiva kwanza, wanakula kwake. Hakuna aliyeuliza nani kala wapi.

"Kwangu?" Mama Auleria alijipiga kifua. "Mtoto huyu hajatia tonge kinywani kwangu tangu wiki iliyopita! Kila nikimwita ananiambia, 'Ahsante mama, nimeshakula kwa Bibi.'"

"Mwongo! Mie kila nikimpakulia ananiambia, 'Nimeshiba, Bibi, nimekula kwa Mama Auleria.'"

Watu wakatazamana. Fundi Benedikto akafumbua mdomo kutaka kusema neno, lakini Bi Chausiku hasira zilikuwa zimeshampanda kichwani, hata maneno yake mwenyewe hakuyasikia.

"Mwisho wa mwezi uhame!" alisema. "Tafuta chumba kwingine. Sikai nyumba moja na mtu anayelisha watoto sumu."

Ukishaitwa mlisha sumu Temeke, nani atakupangisha tena? Nani atamruhusu mwanawe ale kwako?

Chumbani, Tunu alikuwa amelala kitandani, midomo imemkauka na macho yameingia ndani. Auleria alikuwa akimpepea kwa kawa la kufunikia chakula, machozi yakimtoka.

"Tunu, sema," alimnong'oneza. "Mama yangu anafukuzwa. Ukinyamaza, nitasema mie."

Tunu alifumba macho. Yote yalianzia kwenye gauni.

Somoe, dada yake mkubwa, alikuwa anaolewa, na wasichana wa mtaa walikuwa washonewe gauni za sare kwa kitambaa kimoja chekundu chenye maua. Auleria ndiye aliyetumwa kupeleka kitambaa kwa Fundi Benedikto. Fundi akampima yeye, na kwa kuwa wengine hawakuwepo, akakata gauni zote kwa kipimo hicho hicho. Auleria alikuwa mwembamba kama ufito. Siku ya kujaribu, gauni la Tunu liligoma mgongoni. Vifungo huku, matundu kule. Wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Mtieni kwenye gunia la mbata, ndilo litakalomtosha!"

Tunu alilivua lile gauni kwa hasira mpaka likachanika kwapani. Alichukia gauni, akachukia wenzake, na alipofika nyumbani akauchukia mwili wake.

Kesho yake akapita sokoni, akamkuta Jabiri. Jabiri alikuwa mfupi mwenye kanzu safi na ulimi mtamu, akitangaza dawa yake kwa bomba la bati la kukuza sauti. "Njooni, mabibi! Dawa ya kupunguza mwili, imetoka Ulaya kwa meli! Wale mabibi wa Kizungu wa Oysterbay, mnaviona viuno vyao? Mnadhani wamezaliwa navyo? Kunywa asubuhi, kunywa jioni, usile kitu kizito. Panda mizani leo, panda tena keshokutwa, ujionee mwenyewe. Mizani haina rafiki!"

Tunu alitoa pesa yake ya chakula cha shuleni, akanunua chupa. Jabiri alimpandisha kwenye mizani ya Revelian, muuza mkaa. Siku mbili baadaye akampandisha tena, na kweli, alikuwa amepungua ratili tatu. Tunu alirudi nyumbani akiruka. Tumbo lilimsokota, alikimbilia chooni usiku na mchana, kichwa kilimzunguka, lakini alijiambia hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Njaa ilipomwuma, aliwadanganya huku na huku. Nyumba yenye vyungu vingi hivyo, nani angejua kwamba yeye hali popote?

"Tunu!" Auleria alimtikisa.

Nje, Mama Auleria alikuwa akisema kwa sauti iliyokatika, "Mungu anaona, Bi Chausiku. Mungu anaona."

Tunu akainuka. Alishika ukuta, akashika mlango, akatokea uani. Chupa ilikuwa mkononi.

"Bibi, usimfukuze," alisema. "Mama Auleria hakunipa kitu. Nimewadanganya nyote wawili. Nilikuwa sili. Nilikunywa hii."

Bi Chausiku aliipokea chupa. Aliinusa, akatia kidole, akaonja. Uso ukamkunjamana, akatema mate chini.

"Haluli!" alipiga ukelele. "Haluli na maji ya ukwaju! Hii ni dawa ya kuharisha, mtu mzima anakunywa mara moja tumbo likifunga, tena kidogo. Umekunywa hii siku ngapi? Asubuhi na jioni? Ya Rabi, mtoto kajikausha kama kauzu!"

Alimgeukia Mama Auleria, akafungua mdomo kutaka kusema neno. Mama Auleria hakulisubiri. Alimbeba Tunu mgongoni kwa kanga, akatoka naye mbio kwenda zahanati, na Bi Chausiku akawafuata nyuma akihema.

Mganga wa zahanati, Bwana Adelard, alimpa Tunu maji ya wali yenye chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, mpaka macho yakaanza kurudi mahali pake. Kisha akakasirika.

"Ratili tatu kwa siku mbili!" alisema. "Kilichopungua ni maji, binti. Maji ya mwili wako mwenyewe. Ukiendelea, utapungua mpaka uzikwe. Una miaka kumi na mitatu, mwili wako unakua. Unataka mifupa, unataka damu. Vitajengwa na nini kama huli?"

"Lakini mie mnene," Tunu alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kasema? Gauni? Haya, niambie, kabla ya chupa ulikuwa unakula nini?"

Tunu alimtazama bibi yake. "Asubuhi vitumbua. Shuleni vitumbua. Jioni wali, halafu vilivyobaki, vitumbua."

Bi Chausiku alitazama pembeni.

"Basi punguza hivyo vitumbua, viwe vya siku mojamoja," mganga alisema. "Asubuhi kunywa uji. Mchana na jioni kula maharage, samaki, mchicha, ndizi, papai likiwepo. Kula ushibe, usivimbiwe. Cheza na wenzako, teka maji, kimbia. Mwili utakaa unavyotakiwa ukae, polepole. Mtu akikuahidi mambo ya keshokutwa, mkimbie."

Jioni ile Mama Auleria alianza kufunga vyungu vyake kwa magazeti ya zamani, tayari kuhama.

Jumamosi Tunu alikuwa na nguvu za kutembea. Bi Chausiku alijifunga kanga mbili, ya kiunoni na ya hasira, kama watu walivyosema baadaye, akamshika mkono mjukuu wake kuelekea sokoni, amwonyeshe aliyemuuzia chupa. Mlangoni walimkuta Mama Auleria amesimama na Auleria.

"Siendi sokoni kwa ajili yako," alisema bila kumtazama Bi Chausiku. "Nakwenda kwa ajili ya mtoto."

Jabiri alikuwa pale pale, kando ya magunia ya mkaa, chupa zimepangwa juu ya mkeka na wanawake wamemzunguka.

"Wewe!" Bi Chausiku alinguruma. "Unauzia watoto haluli?"

Jabiri hakushtuka. Alitabasamu. "Karibu, mama. Haluli iko wapi? Hii imetoka Ulaya. Huyu binti namkumbuka. Alipungua au hakupungua? Muulize Revelian, mizani ni yake. Mie naweza kusema uongo, mizani je?"

Watu wakanong'ona. Revelian, mkono mweusi kwa mkaa, akakubali kwa kichwa. Alipungua, kweli.

Mama Auleria akasogea mbele. "Vizuri," alisema. "Mizani haisemi uongo. Bi Chausiku, panda."

"Mie?"

"Wewe ndiye mzito. Panda."

Kicheko kikapita. Siku nyingine Bi Chausiku angemrarua mtu kwa neno kama lile. Alimtazama Tunu, akakusanya kanga zake, akapanda kwenye mizani ya magunia mbele ya soko zima. Revelian akasogeza kijiwe, akataja uzito kwa sauti.

"Shuka," Mama Auleria alisema. Alimwita mchota maji aliyekuwa akipita na madebe yake, akajaza kopo kubwa, akampa. "Kunywa."

Bi Chausiku alikunywa. Akajaziwa tena, akanywa. Akajaziwa tena, akanywa huku macho yanamtoka.

"Panda tena."

Revelian alisogeza kijiwe, akakisogeza tena, akainama kuangalia vizuri. "Kaongezeka," alisema. "Ratili mbili na zaidi!"

"Mmesikia?" Mama Auleria aliwageukia watu. "Kanenepa! Hapa hapa, mbele ya macho yenu, kwa makopo matatu ya maji! Kala nini? Hakula kitu. Basi maji yakiingia mwilini mizani inapanda, maji yakitoka mizani inashuka. Huyu bwana anawaharisha, mnatoka maji, anawapandisha kwenye mizani, mnampigia makofi. Mkinywa maji kesho, yanarudi. Mkikataa kuyanywa, mnaanguka kama huyu mtoto. Mtazameni midomo yake!"

"Ndiyo maana!" alilia mwanamke mmoja, jina lake Filomena. "Mie nilipungua, nikafurahi, wiki haikuisha yote yakarudi! Nikaja kununua chupa nyingine!"

"Na mie!"

"Rudisha pesa zetu, wewe!"

Tabasamu la Jabiri likafutika. Alianza kukunja mkeka wake, chupa zikigongana, lakini Bi Chausiku alikuwa ameshasimama juu ya pembe moja ya mkeka, na hakuna mtu Temeke aliyeweza kumsogeza. Akabaki pale mpaka askari wa soko alipokuja kumchukua Jabiri na chupa zake.

Waliporudi, Fundi Benedikto aliwangoja barazani na gauni jekundu mapajani. Alikuwa amelifumua ubavuni na kuongeza vipande vya kitambaa kilichobaki.

"Njoo, Tunu, vaa," alisema. "Wenzako walikucheka, na mie nikanyamaza, nami ndiye niliyekosa. Nilipima mmoja nikakata za wote. Gauni linashonwa limfuate mtu. Nani kawaambia mtu alifuate gauni?"

Tunu alilivaa. Vifungo vilifunga vyote. Auleria alimfunga mwenyewe, kisha akampiga kofi dogo mgongoni. "Na ukinidanganya tena umekula, nitakuuma."

Bi Chausiku alimwita mjukuu wake pembeni. "Sikiliza, mama. Mtu akikuuzia dawa, usitazame mizani tu. Muulize dawa imetoa nini mwilini, nawe umebaki na nini. Muulize pia mtu mzima kabla hujainywa. Na kuhusu chakula usidanganye. Ulidanganya kidogo, ukakaribia kufa, nami nikakaribia kumfukuza mtu mwema." Akamshika bega. "Hilo la mwisho ni langu, si lako. Kateke maji ya kunawa."

Jua lilipozama, Mama Auleria alikuwa chumbani akifunga chungu cha mwisho. Akasikia hodi. Bi Chausiku alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake amewaita wapangaji wote, Fundi Benedikto, hata majirani wa nyumba ya pili.

"Nilikutukana mbele ya watu hawa," alisema. "Nikakuita mlisha sumu. Sasa nakuomba radhi mbele yao hao hao. Nisamehe, Mama Auleria. Fungua vyungu vyako."

Mama Auleria hakuinua kichwa. "Bado nina hasira, Bi Chausiku."

"Najua. Sinia liko chini kwangu. Kuna samaki, kuna mchicha, na nimepika ndizi zenu za Bukoba. Nimezipika vibaya, Tunu kaonja kaniambia, lakini nimezipika." Alinyoosha mkono. "Njoo na hasira zako hivyo hivyo. Hatuli mpaka uje. Inuka, twende tule."