Aliniunganishia Skrini Mbili, Kumbe Zilikuwa Tatu!

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, mkaazi wa Umoja hapa Nairobi. Haya ninayowasimulia sijayasema hata kanisani. Nimeyabeba peke yangu hadi nimechoka!

Nilikuwa karani wa kampuni moja Industrial Area hadi walipopunguza wafanyakazi. Nikaanza kazi ya kufanyia nyumbani. Natumiwa rekodi za mikutano, nazisikiliza, naziandika neno kwa neno. Kwa skrini moja kazi hiyo ni mateso. Unafunga sauti ufungue maandishi, unafunga maandishi ufungue sauti... kutwa nzima.

Siku moja mume wangu, Baba Jayden, akarudi na skrini mbili. Mbili! Akaziweka mezani sebuleni, akachomeka nyaya mwenyewe, akapanga moja iwe ya maandishi na nyingine ya sauti. Nilicheka kama mtoto nilipoona mshale ukivuka kutoka skrini hii hadi ile. Kisha akahamishia televisheni chumbani, eti kelele zisinisumbue nikifanya kazi. Wanawake wa ploti, wapangaji wenzangu, walinionea wivu, na nani hangenionea?

Kitu kimoja tu kilinikereketa. Kwenye mipangilio ya kompyuta, kila skrini huonyeshwa kama kisanduku chenye nambari. Ile ya sauti ilikuwa na 2. Ile ninayoandikia ilikuwa na 1 na 3 pamoja. Nikamuuliza Baba Jayden, hiyo tatu ni ya nini? Akasema ni mambo ya kompyuta yenyewe, nisiguse nisije nikaharibu. Niliacha, lakini moyoni... mh!

Nilikuwa natafuta tena kazi ya ofisi, na sikumwambia. Yeye hakutaka niajiriwe nje. Tulikuwa tumegombania jambo hilo hadi majirani wakazoea. Aliyejua ni mmoja tu, Akinyi, jirani yangu wa mlango wa pili. Ndiye aliyekuwa akinitumia nafasi za kazi kila alipoziona.

Ofisi ya kwanza ikaniita kwa mahojiano. Kesho yake wakaniandikia kwamba wamesikia kutoka kwa familia yangu kuwa bado sijapona ugonjwa wa akili. Eti niugue pole! Ugonjwa upi? Familia gani? Nilisoma barua pepe ile mara tatu. Ofisi ya pili nayo ikawa vilevile.

Sasa nani alijua? Akinyi! Nikaanza kumchunguza. Akicheka kwenye simu, nasema ananicheka mimi. Akija kuomba chumvi, nafunga ukurasa haraka asione. Akivaa blauzi mpya, nasema amechukua kazi yangu. Mwishowe nikamwita uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, nikamwambia yeye ndiye anayeniroga nisipate riziki. Hakunirudishia matusi. Alisema tu, "Mama Jayden, kweli mimi? Mimi naeza kukufanyia hivyo?"

Mwisho wa mwezi akahamia Kayole. Nami nikaona kuhama kwenyewe ndio ushahidi!

Kumbe...

Ofisi ya tatu ikanitafuta. Jumamosi alasiri mkuu wa ofisi mwenyewe, mama mmoja mpole, akaniandikia nithibitishe kwamba naikubali kazi ili nianze Jumatatu. Nambari yake ya simu ilikuwa chini ya ujumbe. Safari hii sikumwambia mtu hata mmoja. Nikaanza kuandika jibu, nafuta, naandika tena, nataka liwe zuri. Baba Jayden alikuwa chumbani, mlango umerudishwa, akitazama mechi ya timu yake. Sauti ameizima, eti asinisumbue.

Ghafla mtaa mzima ukalipuka. Gooool! Baa ya ng'ambo, ploti ya nyuma, watoto barabarani! Timu yake imefunga. Siku zote timu hiyo ikifunga, mume wangu huruka hadi jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Lakini chumbani kwetu... kimya. Kimya kabisa! Mwanamume gani hutazama mpira namna hiyo?

Nikavua patipati, nikanyata, nikasukuma mlango.

Kwenye televisheni hakukuwa na mpira. Kulikuwa na barua yangu! Maneno yangu mwenyewe, vile nilivyoyaacha nusu, na kile kijistari kikiwaka na kuzima kikinisubiri niendelee. Waya mweusi ulitoka nyuma ya televisheni, ukapita tundu la ukutani hadi kwenye kompyuta yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa skrini ya tatu! Na mume wangu amenipa mgongo, simu sikioni, anaongea kwa upole, "Ndiyo madam, mimi ni kaka yake. Bado hajapona. Tunamwombea tu."

Nilipiga mayowe. Nikamrukia, nikalia, nikapayuka kwamba mimi ni mzima, kwamba huyo ni mume wangu, kwamba ni mwongo! Simu ikaanguka. Nilipoiokota nilisikia sauti ya yule mama, imejaa huruma. "Pole sana kaka. Nimemsikia mwenyewe." Akakata.

Nilimpigia mara nyingi. Hakushika.

Baba Jayden alijitetea eti alifanya kwa mapenzi, eti wake za watu huharibikia maofisini. Mapenzi hayo! Nilimchukua mtoto nikaenda kwa dada yangu Kariobangi, na sijarudi.

Kisha nikamtafuta Akinyi. Nilipiga magoti mlangoni pake. Aliniinua, akanipangusa machozi, akanipikia chai. Nikadhani yameisha. Nilipoanza kumweleza kazi ninayoomba sasa, akainua mkono.

"Mama Jayden, nimekusamehe, na si uongo. Lakini please, mambo yako usiniambie tena. Sitaki kujua."

Dada zangu, siri zenu zikivuja, msikimbilie kumshuku jirani kwa sababu ni rahisi kumfukuza. Ulizeni maswali ndani ya nyumba kwanza, na mkijibiwa nusu, msinyamaze kama mimi! Kazi nitapata siku moja, na mume simlilii. Lakini Akinyi mwingine nitamtoa wapi?