Chapa ya Pili

Jumatano, saa mbili asubuhi.

Karakana ya fremu ilinuka gundi. Katika chumba cha nyuma, Kipara alibamiza katalogi ya mnada mezani.

"Hii hapa. Mpiga picha alichapa mbili tu, akachoma negativu. Mwaka juzi moja ilinunuliwa kwa bei ya ghorofa. Ya pili inapigwa mnada kesho. Tunaibeba leo."

Fundi, mwenye karakana, akainama kuitazama. Mwanamke langoni mwa kiwanda, kilemba kichwani, anamcheka mtu asiyeonekana. Alikuwa mdogo wake Fundi, marehemu. Akamgeukia dereva wa kundi, mume wa marehemu. Mafuriko yaliyobeba nyumba yao hayakuwaachia picha yake hata moja.

"Shemeji, utaweza?"

"Nitaweza."

"Mkimaliza kulia mniambie," Kipara akasema.

Saa tano na robo.

Mlinzi wa nyumba ya mnada alimjua Fundi. Ndiye aliyeitwa kila kioo kilipopasuka. Mlinzi akamfungulia mlango wa nyuma. Misumari minne. Ubao. Picha ikatoka, nakala iliyotolewa katalogini ikaingia.

Saa sita kasoro kumi.

Gari lilikuwa mbioni. Kipara, kiti cha nyuma, aliikumbatia bahasha ya kadibodi.

"Tukifika machimboni tunaitia kiberiti. Tajiri mwenye ile ya kwanza anataka video. Ikibaki moja duniani, bei yake haishikiki."

Fundi akageuka. "Ulisema anainunua!"

"Nilisema analipa." Bastola ikamgusa Fundi shingoni. "Tulia."

Dereva alikata kona kushoto. Machimbo yalikuwa kulia.

"We, unaenda wapi?"

Mbele lilionekana geti la kituo cha polisi.

"Shemeji, wewe! Watoto watabaki na nani?"

"Watoto hawaijui sura ya mama yao."

Kipara akafyatua. Bega la dereva likapasuka. Hakuachia mafuta. Gari likavunja kizuizi, likajibamiza ukutani.

Saa sita na dakika nne.

Askari waliwatoa mmoja mmoja. Kipara alitukana mpaka sauti ikamkauka. Fundi alilala kifudifudi, pingu mkononi, akilia bila kujificha. Koplo mmoja akaifungua bahasha, akaitoa picha kwa vidole viwili.

"Nani huyu?"

Dereva alikuwa chini, damu ikimchuruzika hadi kiunoni.

"Mama watoto wangu," akasema. "Tafadhali, afande. Usimkunje."