Picha Iliyonuka Maziwa

Picha ilinuka maziwa. Si ya ng'ombe. Selemani bin Isihaka, fundi cherehani wa Mbeya, alikwisha kuzika watoto wawili wachanga, na harufu ya kifua cha mzazi aliijua. Akaisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha. Baba yake, marehemu Isihaka bin Zubery, ameketi kitini na kanzu yake. Kando yake amesimama mwanamke aliyepakata mtoto. Uso wa mwanamke ulikuwa umekwanguliwa kwa ncha ya sindano mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

"Shangazi, huyu ndiye mama?"

"Picha za zamani huliwa na mende," akajibu Mwanakhamisi binti Zubery, dada wa baba yake, aliyemlea katika nyumba hii hii ya Kihesa, Iringa. "Tangu umeingia ni kuuliza tu. Umepita Chimala, penye mchele wote ule, hata kibaba kimoja hukuniletea! Mtoto gani wewe?"

"Nimekuja na haraka, Shangazi."

Haraka yenyewe ilikuwa hii. Julai ile ya mwaka 1954 mkewe, Mwanahawa, alikuwa amejifungua mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza walikufa kabla ya arobaini, midomo imewakauka, ingawa mama yao alikuwa na maziwa tele. Watu walisema ni subiani, jini achukuaye vichanga. Mwalimu Mbaraka, mganga wa kitabu, alikuwa amewaandikia kombe la kunywa na hirizi, na kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, mtu hutajwa kwa mama yake: Selemani, mwana wa Mwanaidi. Safari hii Mwalimu aliweka kalamu chini kabla ya kumaliza.

"Jina hili halishiki," alisema. "Nenda kwa wazee wako, tafuta picha, tafuta habari za mama yako. Kama si yeye niliyemwandika, basi mlango wa nyumba yako umekuwa wazi siku zote."

Sasa Shangazi alikuwa akikunja kanga ambayo ilikwisha kukunjwa.

"Mama yako ni Mwanaidi. Alikufa akikuzaa. Nimekwambia tangu una meno mawili."

"Kama alikufa akinizaa, mbona hapa amesimama, amenipakata?"

Nje manyunyu ya kipupwe yalikuwa yakianguka, na adhana ya magharibi ikasikika kwa mbali. Ghafla kikongwe akainuka, akafunga madirisha, akaketi mkekani, mgongo ukutani, kama mtu anayengoja kuchapwa.

"Nenda kwa jirani, kwa Marcelino. Utarudi baadaye."

"Siendi popote."

"Selemani, nakuomba, baba. Toka."

Harufu ya maziwa ikazidi, ikajaa chumba, nzito na yenye uvuguvugu. Kisha ikaja sauti, ndogo mno, ambayo kwanza aliidhani ni maji yanayodondoka darini, lakini maji hayapumui, na sauti hii ilikuwa ikipumua, ikinyonya, ikameza, ikatua kidogo na kunyonya tena, na pembeni yake ikaanza ya pili, yenye pupa kuliko ya kwanza, nazo zote mbili zilitoka pale mkekani, mapajani mwa Shangazi, ambapo hapakuwa na kitu chochote ila mikono yake mikavu iliyokuwa imejikunja kana kwamba imebeba, na kanga kifuani mwake, kifua cha mwanamke ambaye hakupata kuzaa maisha yake yote, ikaanza kulowa.

"Ni nani hao?" Selemani alinong'ona.

"Wako," akasema Mwanakhamisi, machozi yakimtoka. "Wanao. Kila magharibi ananiwekea. Ananiambia, ulitaka mtoto, haya, nyonyesha. Wamenimaliza, Selemani. Wanavuta mpaka damu."

"Nani anayekuwekea?"

"Kwanza sema utawachukua. Sema, nikupe jina."

"Nitawachukua."

"Jaha," akasema. "Msangu wa Chimala. Ndiye mama yako. Mimi nilikuwa tasa, na wewe ulikuwa mnono, unacheka na kila mtu. Nikamwambia kaka kwamba mkewe anafuga subiani, atakutoa wewe kafara. Hakuwa na jini yeyote, masikini. Akafukuzwa kwa miguu, kifua kimejaa. Walimkuta amekufa kando ya barabara, nguo imelowa maziwa. Jini alimpata huko huko njiani, na sasa subiani ndiye yeye. Nikakupa mama wa uongo ili usije ukamwita."

Selemani alikuwa amepiga magoti bila kujijua.

"Mama Jaha," akaita. "Ni mimi, Selemani mwanao."

Kunyonya kukakoma. Kitu baridi kikapita kichwani pake, taratibu, kutoka utosini mpaka kisogoni, jinsi mtoto anavyopapaswa. Kinywa cha Mwanakhamisi kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke kijana, yenye lafudhi ya Usangu.

"Umekua, mwanangu. Nenda kamwambie mwalimu wako aniandike. Huyo wa tatu namwachia mama yake." Kichwa cha kikongwe kikainama, kikatazama mapajani. "Hawa bado hawajashiba."

Kisha kunyonya kukaanza upya.

Selemani akasimama, akaiweka picha ndani ya koti lake.

"Umesema utawachukua!" Shangazi alikuwa amerudi katika sauti yake mwenyewe. "Selemani, mwanangu, usiniache nao! Mimi ndiye niliyekulea!"

Alifika mlangoni akasita. Walikuwa wanawe, na alikuwa hajawahi kuwasikia wakinyonya kwa raha namna ile. Akatoka, akaurudisha mlango polepole kwa mikono miwili, asije akawashtua.