Vijiti Vyenye Uzi Mwekundu

Kila siku akitoka shule, Karani alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akaosha sahani yake, kisha akashika njia ya machimbo. Karani halikuwa jina lake. Wenzake walimwita hivyo kwa ajili ya mwandiko wake ulionyooka, na kwa kupenda kwake kuandika majina ya wapiga kelele kabla mwalimu hajamtuma.

Machimbo yale zamani yalitoa kokoto. Kokoto nzuri zilipokwisha, malori yakaondoka, likabaki shimo, vumbi na mashine moja iliyooza kwa kutu. Wenye mji wakakubaliana lizungushiwe uzio, mtu asilishe mifugo wala asikate kuni, waone Mungu atarudisha nini. Kwanza yakaja majani. Maji yakatuama yakawa bwawa, wakaja vyura, wakaja ndege. Shangazi yake Karani ndiye aliyewekwa kuwa msimamizi. Kazi yake ilikuwa kutazama kila kiumbe anayerudi na kumwandika. Watoto wawili walimsaidia: Karani, na mvulana wa darasa lake aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi.

Mwaka ule walikuja vitwitwi, ndege wadogo wa miguu myembamba, wakataga juu ya kokoto tupu. Hawakuwahi kutaga pale.

"Wakilea hapa watarudi," Shangazi aliwaambia. "Wakipoteza makinda wote, hatutawaona tena."

Mayai ya kitwitwi yana madoadoa kama kokoto zenyewe. Ukigeuza shingo umeyapoteza. Kwa hiyo sharti la Shangazi lilikuwa hili: kaa mbali, kaa kimya, mngoje mama arudi kuatamia, ndipo uandike kiota kiko kati ya jiwe lipi na kichaka kipi.

"Msiguse, na msiache kitu chochote," alisema. "Sisi hapa ni wageni. Mgeni hapigi misumari kwenye ukuta wa watu."

Kungoja kulikuwa kazi kwelikweli. Jua linakuchoma kisogo, sisimizi wanakupanda, na ndege akijua upo anagoma kurudi. Karani alichoka. Siku moja akakata vijiti vinne, akafunga uzi mwekundu kwenye ncha ya kila kimoja, akavichomeka kando ya viota vinne alivyovijua. Tangu hapo alikuwa akipita mara moja, anahesabu, anaandika, kamaliza. Redio alikuwa bado kalala kifudifudi upande wa pili, anamsubiri ndege wake.

"Mwone mwenzako," Shangazi alimwambia Redio. "Wewe huko huwa unalala?"

"Ndege wangu mjeuri, Shangazi. Nikipepesa jicho tu, kaondoka."

"Anakimbia taarifa ya habari," Karani akasema.

Shangazi akacheka, na Karani akaona raha.

Kisha kiota kimoja kikawa kitupu. Karani alijiambia ni nyoka. Cha pili kilipokuwa kitupu, alijificha nyuma ya ile mashine atazame.

Kunguru alitua chini, akaanza kutembea. Hakuangaza huku na huku kama mwenye njaa anavyotafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kijiti cha tatu, kama mama aendaye duka alilolizoea. Kitwitwi akatoka mbele yake akiburuta bawa, akajifanya amevunjika ili yule adui amfuate yeye. Kunguru hakumtazama hata kidogo. Kinda mmoja alikuwa katikati ya kutoka, kichwa nje, mwili ndani ya ganda. Kunguru alianza na huyo. Mama aliendelea kuburuta bawa mpaka kiota kilipokwisha, na hata baada ya hapo.

Karani alielewa. Alikimbia, akang'oa vijiti vyote, akavificha chini ya jiwe.

Jioni Shangazi aliuliza, "Viota vitatu vimekwisha. Nani amekuwa akivikaribia?"

"Redio hukaa huko mpaka giza," Karani alijibu.

Hakuna neno la uongo katika maneno hayo. Alisema kweli ili imfanyie kazi ya uongo.

Shangazi alimwita Redio papo hapo. "Usirudi hapa. Wewe na mikono yako."

"Shangazi, mimi sijagusa."

"Nimesema."

Kesho yake darasa zima lilijua. Walimwita Mla Mayai. Wakajaza maganda ya mayai kwenye mkoba wake. Mmoja akampasulia yai bichi kwenye kola, likateremka ndani ya shati, na Redio akakaa nalo hivyo mpaka likakauka. "Betri imekwisha," walisema, kwa kuwa siku ile hakutoa sauti. Karani alikaa dawati la nyuma yake. Wenzake walipocheka, naye alicheka.

Alipofika machimbo alimkuta kunguru kwenye kiota cha nne. Kijiti hakikuwapo, lakini mahali alikuwa keshapajua. Karani alimfukuza kwa mawe. Kunguru akaruka, akatua juu ya mashine, akangoja. Akarudi, akafukuzwa, akangoja tena. Giza lilipoanza kuingia Karani alijua kwamba alfajiri yule ndege angekuwapo, na yeye angekuwa kitandani. Kumlinda kitwitwi peke yake asingeweza. Na msaada asingeupata bila kusema kwa nini kiota kile kinahitaji mlinzi.

Alimkuta Shangazi akichambua mchele kwenye ungo. Alimweleza yote, mpaka yale maneno juu ya Redio. Vidole vya Shangazi vikasimama.

"Kwa hiyo nimemfukuza mtoto wa watu bure," alisema. "Hilo ni langu, nitakwenda kwao usiku huu kuomba radhi. Lako utalisema kesho mbele ya darasa."

"Shangazi, naomba nimwandikie barua."

"Hukumchoma kwa barua."

Karani alisimama mbele ya darasa na vile vijiti mkononi, akasema. Wale waliomcheka Redio walihamia kwake bila hata kupumzika. "Karani, andika na hilo," mmoja alisema. Mwingine akamwimbia jina la Mla Mayai, likamganda. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini si upesi.

Redio alisimama. "Leo sikusamehe," alisema. "Hicho kiota kilichobaki kiko wapi?"

Walikilinda kwa zamu. Shangazi alikuwa na alfajiri na saa za masomo, watoto wakashika jioni. Redio alikaa kampa Karani mgongo na hakuzungumza naye, yeye ambaye huzungumza hata na kuku. Kunguru alikuja, akaja, mwishowe akapunguza kuja. Makinda watatu wakatoka, wakasimama juu ya miguu yao myembamba, wakaanza kukimbia siku ile ile.

Siku ya pili mwewe alishuka kutoka juu akamchukua mmoja.

Karani aliokota jiwe. Shangazi alimshika mkono.

"Weka chini."

"Lakini kunguru tulimfukuza."

"Kunguru ulimwelekeza wewe, ndiyo maana tulikuwa na deni la kumfukuza. Huyu mwewe kaona kwa macho yake, na Mungu ndiye aliyempa macho hayo. Hatuna kesi naye." Shangazi alimwachia mkono. "Sikiliza, mwanangu. Ulikwepa kazi ya kungoja, wakafa makinda wa viota vitatu. Ukakwepa aibu, mwenzako akamwagiwa yai. Mzigo ukiutua wewe, haupotei. Kuna mtu au kiumbe nyuma yako anaubeba, na mara nyingi ni mdogo kuliko wewe. Sasa andika ulichokiona."

Karani alifungua daftari. Aliandika kwamba makinda wawili wanaishi, mmoja amechukuliwa na mwewe. Juu yake, penye viota vile vitatu, aliandika: vimeliwa na kunguru, aliyeonyeshwa na mimi.

Redio alisogea, akasoma begani kwake.

"Hujaandika mwewe alitokea upande gani," alisema.

"Upande wa bwawa."

"Basi andika."