Panya wa LuAnn Hawakupiga Chafya

Jirani yangu LuAnn alifuga panya katika chumba cha chini ya nyumba yake. Usicheke. Hapa Wisconsin, Marekani, wako wengi wanaofuga panya, wakiwapa majina na kuwapeleka kwenye mashindano. LuAnn aliwapenda kupita kiasi. Aliwabusu mdomoni. Mumewe, Gordy, aliwaita wapangaji wasiolipa kodi.

"Si uwafukuze?" nilimtania siku moja.

"Nitawafukuzaje? Mwenye nyumba yuko upande wao."

Lakini mfukoni mwa shati lake hakikukosekana kipande cha tosti. Kilikuwa cha Pickle, panya mzee mwenye jicho moja bovu.

Januari, LuAnn alileta panya wawili kutoka kwa mfugaji mwenzake. Alifanya kama wanavyofanya wafugaji wote. Aliwatenga bafuni majuma mawili, akawasikiliza.

"Hakuna aliyepiga chafya," aliniambia. "Wazima kabisa."

Akawachanganya na wengine.

LuAnn alikuwa na mgongo mbovu, kwa hiyo Gordy ndiye aliyesafisha vizimba. Alifagia maranda ya mbao waliyolalia panya yakiwa makavu. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya baridi, na vumbi lote likamwingia puani.

Baada ya wiki chache alishikwa na homa. Kichwa na mgongo vilimuuma sana. Macho yakawa mekundu.

"Mafua tu haya," alisema. "Mbona mnataka kunizika mapema?"

Kisha mkojo ukapungua, karibu ukakatika. Nikampeleka hospitali mwenyewe. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi.

Madaktari waliposikia habari za panya, muuguzi wa afya ya jamii, Mai Vang, alikuja nyumbani kwa LuAnn akachukua damu ya panya ikapimwe. Majibu yalipotoka, alikaa nasi jikoni.

"Mama, ni virusi vya Seoul," alisema. "Panya wako wengi wanavyo, na ndivyo vilivyomshika mumeo."

"Haiwezekani. Niliwatenga, dada. Hawakuumwa hata kidogo."

"Panya hawaugui. Wanavibeba maisha yao yote, na huoni kitu. Vinatoka kwenye mkojo, kinyesi na mate yao. Mtu anavuta vumbi lenye uchafu huo, au anang'atwa, au anashika uchafu kisha anajishika mdomo. Hata panya wa mitaroni wanavyo. Kuwatenga hakutoshi. Damu ipimwe kabla panya mgeni hajaingia."

"Na hawa wangu?"

"Itabidi wauawe. Wote."

LuAnn hakulia. Aliuliza tu kama watasikia maumivu.

"Watalala usingizi," Mai Vang alisema.

Mimi nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Panya walipokwisha kuchukuliwa, Mai Vang alitufundisha kusafisha. Tulifungua madirisha, tukavaa glavu na barakoa. Tulilowesha maranda kwa maji yenye klorini, tukasubiri, ndipo tukayazoa na kuyafunga kwenye mifuko. Ufagio haukuguswa. Mwishoni tulinawa mikono kwa sabuni.

Kisha LuAnn aliwapigia simu wote waliochukua panya kwake. Wengine walimtukana. Mama mmoja alipeleka panya wake kupimwa, wakakutwa na virusi. Watoto wake walikuwa bado wazima, na wazima wamebaki. LuAnn aliniambia habari hiyo bila kutabasamu.

Gordy alirudi nyumbani Aprili, amekonda, na figo zake hazikupona sawasawa. LuAnn alikuwa hajamwambia kwamba panya wameuawa. Kila alipotoka kumtazama hospitalini alisema atamwambia kesho.

"Mwambie wewe," aliniomba tulipokuwa tukienda kumchukua.

Sikuweza.

Alipofika tu, Gordy alishuka ngazi za chumba cha chini, polepole, mkono ukutani. Tulimfuata. Chumba kilinuka klorini. Akavitazama vizimba vitupu, kimoja baada ya kingine.

"Wapangaji wamehama?" aliuliza.

Akatia mkono mfukoni mwa shati, akatoa kipande cha tosti ya hospitali alichokifunga kwenye karatasi. Alisimama nacho mbele ya kizimba cha Pickle. Kisha akakifunga tena vizuri, akakirudisha mfukoni.